Hewa Chini ya Kabureta

Simu iliingia nikiwa nakoroga uji wa futari. Aliyepiga ni binti mkubwa wa Dominiki Mbawala, ambaye mara ya mwisho nilimwona akitambaa kwenye korido ya nyumba ya Bi Tatu huku akitafuna soli ya kandambili yangu. "Shikamoo, Mama Hawa," alisema. "Baba ametutoka jana alfajiri." Nikaitikia marahaba, nikasema pole mwanangu. Akaniambia mazishi yatakuwa Mbagala kesho saa nane, na kwamba mama yake ndiye aliyetaja jina langu na kusema nitafutwe popote nilipo. Nilizima jiko nikakaa kwenye kigoda. Watu wa rika langu wakipata habari kama hizo huanza kukumbuka wema wa marehemu, jinsi alivyocheka, jinsi alivyopenda watu. Mimi nilichokumbuka kwanza ni kipande cha boksi la sabuni nilichokikata kwa mkono wangu, nikakifunga chini ya kabureta ya gari lake, nikaondoka mbio kwenda kupanga foleni ya khanga.

Habari za nilikozaliwa na nani alinilea naziacha, maana hazikuchangia lolote katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka kambini kulijenga taifa, nimerudi na ufundi wa magari, na nikapangiwa kazi kwenye karakana ya shirika moja la umma pale Gerezani. Mafundi kumi na moja, mwanamke mimi peke yangu. Ovaroli waliyonipa ilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega mapana na asiye na nyonga, kwa hiyo juu ilinimeza na chini ilinibana, na kila asubuhi kulikuwa na mjinga mmoja wa kuliona hilo upya. Nilipokea utani wote nikicheka, lakini rohoni nilikuwa nimeapa kwamba hakuna gari litakalorudi karakana kwa kosa langu. Mwanaume akiharibu injini, ameharibu injini. Mimi nikiharibu, wameharibu wanawake wote wa Tanzania. Nilikuwa najua hivyo, na nilijivunia kujua. Kiburi hicho kilinisaidia sana kazini, na ndicho kilichonifikisha kwenye aibu ninayoieleza.

Chumba nilipanga Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, enzi ambazo soko jipya lilikuwa bado linanukia saruji. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, na uani choo, bomba na majiko. Kuta zilipanda zikakoma kabla ya kufika kwenye bati, hivyo kila tulichosema tulikisema kwa nyumba nzima. Bi Tatu, mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo aliyezaliwa humo humo, alikaa koridoni kwenye mkeka wake akichambua mchele, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila kuulizwa anakwenda wapi. Chumba kilichotazamana na changu kilikuwa cha Dominiki na mkewe Sesilia, watu wa Masasi. Dominiki alikuwa dereva wa shirika letu, anamwendesha Meneja. Nilimwita kaka, na kwa hiyo Sesilia akawa wifi yangu, tukataniana kama mawifi wa kweli. Sesilia akiletewa ming'oko, ile mizizi ya porini, kutoka kwao alipika sufuria moja ya kwake na bakuli moja la kwangu, na kisamvu chake cha korosho sijakipata tena mahali popote. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na mtu wa kanisa kupita kiasi. Mbele ya uongo alikuwa hana uvumilivu hata chembe. Mtoto akidanganya kuhusu kijiko cha sukari, nyumba nzima tulihubiriwa.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa adimu. Unga ulikuwa wa njano, sabuni ilikatwa vipande, na kwenye duka la ushirika watu walipanga mawe, jiwe lako likikaa kwenye foleni ni wewe umekaa, na ole wake atakayelisogeza. Petroli ndiyo ilikuwa dhahabu yenyewe. Jumapili mchana gari binafsi halikuruhusiwa barabarani, na hata gari la Meneja lilipimiwa petroli yake Jumatatu asubuhi, ile ile mpaka Jumamosi. Vipuri ndiyo usiseme. Stoo yetu ilikuwa na rafu ndefu zilizopangwa vizuri sana, tupu. Tukajifunza kujitengenezea. Karatasi ya gasketi, ile inayoziba kati ya vyuma viwili, ikikosekana, na ilikuwa inakosekana daima, tulichukua boksi lolote gumu, tukaliweka juu ya chuma tunachotaka kukifunga, tukaligongagonga kwa nyundo ndogo kuzunguka kingo mpaka chuma chenyewe kikalikata. Msimamizi wetu, Mzee Kibwana, hakupenda mtindo huo lakini hakuwa na la kufanya. Alikuwa na sharti moja tu. Boksi likikaa penye maji au oili, sawa. Likikaa chini ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, lazima lilale siku nzima ndani ya oili kwanza, kisha likaushwe, ndipo lifungwe. Bila hivyo joto la injini litalikausha na kulipasua, na hewa itaingia mahali pasipo mlango. "Hewa haina adabu," alikuwa akisema. "Ukiiachia tundu la sindano, itaendesha gari yenyewe."

Siku niliyofunga lile boksi ilikuwa Ijumaa. Gari la Meneja, Pijo ya kijivu, lilikuwa limeletwa kusafishwa kabureta, na Dominiki alikuwa ameegemea mlango akinisubiri. Gasketi ya zamani ilichanika nilipoifungua. Nikalichukua boksi la sabuni, nikaligonga, likatoka zuri kabisa, nikajisifu. Kilichobaki ni kulilowesha na kurudi kesho yake. Hapo ndipo mtu akapita nje ya ukuta akipiga kelele kwamba khanga zimeshuka duka la ushirika. Nilikuwa na khanga pea moja, imepauka mpaka maandishi hayasomeki. Dominiki akaniona ninavyotazama geti. "Nenda, Fundi," akasema. "Wifi yako atakuwa ameshakuwekea jiwe. Funga tu hivyo hivyo, Jumatatu utakuja kurekebisha." Nikafunga hivyo hivyo. Gari likawaka, likanguruma vizuri, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa nikatokea mlango wa nyuma saa ya kazi haijaisha. Khanga nilipata. Jumatatu zikaja lori mbili zilizokufa njiani, na boksi nikalisahau.

Baada ya kama mwezi hivi, Dominiki alianza kunilalamikia. Tulikuwa uani, mimi nafua, yeye ananoa wembe kwenye ngozi. "Fundi, gari likisimama linatetemeka kama lina homa. Jana limezimika Mnazi Mmoja, Meneja yumo ndani, watu wananipigia honi." Nikamwambia petroli ya siku hizi ina maji. Baada ya siku chache akaja tena: injini inapanda yenyewe, inashuka yenyewe, na akifungua boneti anasikia kitu kinapiga mluzi mwembamba. Mluzi! Dereva alikuwa ananisomea ugonjwa neno kwa neno, na mimi mwenye cheti nikamjibu kwamba dereva kazi yake usukani. Nikazungusha skrubu ya mwendo mdogo, gari likatulia siku mbili. Aliporudi mara ya tatu, nilichoka, nikampa ushauri ambao ningelipa chochote kuurudisha kinywani. "Vuta choki nusu," nilimwambia, "uendeshe hivyo hivyo, halitazimika." Kweli halikuzimika. Choki ikivutwa, injini inapewa petroli nyingi kuliko haja yake, na ile hewa ya wizi iliyokuwa inaingia chini ya kabureta ikapata mwenzake. Gari likaenda sawa, likatoa moshi mweusi, na likanywa petroli kama mlevi siku ya mshahara.

Petroli ya wiki ikaanza kuisha Alhamisi. Wiki ya kwanza Dominiki alipewa onyo. Wiki ya pili ikaisha vile vile, na Jumanne iliyofuata Afisa Usafirishaji, kijana wa suti ya mikono mifupi aliyekuwa akisema "ndugu" kama anakukaripia, akaja karakana na askari wa geti, akaamuru buti lifunguliwe. Ndani ulikutwa mpira wa kunyonyea wa futi tano wenye harufu ya petroli. Kila dereva wa mji huu alikuwa na mpira kama huo. Bila huo ungebaki Kibaha ukisubiri msamaria. Lakini mwaka ule mpira ulikuwa ushahidi. Kesi ikaelezwa hapo hapo mbele yetu: ndugu huyu anakaa Kariakoo, Kariakoo ndiko petroli inakouzwa kwa chupa, hesabu yenyewe inajieleza. Akasimamishwa kazi kusubiri kikao cha kamati ya wafanyakazi baada ya wiki mbili. Dominiki alivua kofia yake ya udereva, akaiweka juu ya kiti cha mbele, akaniaga kwa kichwa tu. Mimi nilikuwa chini ya lori, nimeshika spana, na hata wakati ule sikufikiria gasketi. Nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba labda kweli alikuwa anauza.

Jioni ile, baada ya magharibi, nilikuwa kitandani nimejilaza na taa haijawashwa. Sauti ya Sesilia ikapita juu ya ukuta. Hakuwa anapiga kelele. "Domi, niambie ukweli. Kama ulichukua, sema. Mimi ni mkeo, sitakupeleka popote." Dominiki akasema hakuchukua. Akauliza tena, na akajibiwa vile vile. "Basi imekwenda wapi?" Akaendelea: "Petroli si maji, haitoki kwenye tangi ikajiendea. Imekwenda wapi, Domi?" Akamjibu kwamba hajui. Ndipo nikasikia Sesilia akivuta pumzi, na sufuria ikiwekwa chini, na neno moja tu: "Haya." Nimeolewa mara mbili na nimeachika mara moja, na nafahamu uzito wa "haya" ya mke. Nililala pale gizani nikimwonea huruma, na swali lake likanikaa. Imekwenda wapi? Mimi ni fundi. Lile lilikuwa swali langu, wala halikuwa lake. Choki nusu, kutetemeka, mluzi. Nikainuka nikakaa kitako kabisa, maana jibu lilikuwa limenijia lote kwa mara moja, na boksi la sabuni lilikuwa ndani yake.

Asubuhi dereva mpya alilirudisha gari kabla ya saa nne akisema halifai. Nikaomba nilishughulikie mimi. Kuna njia nyingi za kutafuta mahali injini inapovuta hewa. Mafundi wengi hupaka petroli kidogo kwa brashi kwenye viungo. Ukigusa penye tundu, injini inabadilika sauti. Lakini nani angenipa petroli ya kumwagia chuma? Nilijaribu maji, nikadondoshea kwa kijiko. Injini ikatulia, nikadhani nimepata, baada ya dakika mbili ikaanza kutetemeka tena sehemu ambayo nilikuwa nimeshaipita. Boksi likilowa linavimba na kujiziba lenyewe, likikauka linafunguka. Nilihitaji kitu kikavu. Moshi hufuata hewa inakokwenda, hilo nililijua, na sikuvuta sigara, na hata ningevuta, sigara nazo zilikuwa za foleni. Kabla ya adhuhuri nikatembea mpaka nyumbani, nikamkuta Bi Tatu koridoni. "Bibi, niazime chetezo na ubani kidogo." Akanitazama juu mpaka chini. "Alhamisi ni kesho," akasema. "Na wewe kusali kwenyewe nakukumbusha. Una nini leo?" Nikamwambia ni kazi. Akacheka, akaniwekea makaa.

Mzee Kibwana asingekubali moto ukaribie boneti, na alikuwa na haki. Kwa hiyo nilingoja saa ya chakula, wenzangu wote wakiwa kwa mama lishe wa Mtaa wa Lindi. Niliweka ndoo ya mchanga na gunia bichi pembeni. Nikavua mkanda wa feni ili upepo usinitawanyie moshi, nikawasha injini, nikajua nina dakika chache tu kabla haijachemka. Nikaweka chetezo chini, mbali kidogo na gurudumu la mbele, nikapepea polepole kwa kipande cha bati. Ubani ukapanda mweupe, ukazunguka betri, ukapita juu ya mabomba ukijiendea zake. Kisha ukafika chini ya kabureta, upande wa nyuma ambako jicho halifiki, na pale ukapinda. Uzi mwembamba wa moshi ulijikunja ukaingia ndani ya kiungo kama mtu anayeingia kwake. Niliuangalia mpaka macho yakaniuma. Nikazima injini, nikafungua nati nne, nikainua kabureta. Boksi langu lilikuwa limekauka rangi ya chai, na nyuma, kutoka tundu la nati mpaka ukingo wa ndani, lilikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha ukucha.

Hapa ndipo nimerudi kwa mawazo mara nyingi kuliko mahali pengine popote maishani mwangu. Nilikuwa na ufa mkononi. Nilichopaswa kufanya ni kuacha kila kitu wazi, nikakae kwenye ngazi, watu warudi, nimwite Mzee Kibwana, nimwite na yule Afisa, niseme tazameni, petroli ya Dominiki ilipotelea hapa, na aliyefunga ni mimi. Badala yake nilifanya lile mkono wangu ulilozoea, nikatengeneza. Kwenye sanduku langu nilikuwa na kipande cha karatasi halisi ya gasketi, nilichokificha muda mrefu kwa ajili ya dharura. Nikakikata, nikakifunga, nikarudisha mkanda wa feni na choki mahali pake. Lile boksi lililopasuka nikalitupa juu ya makaa ya chetezo. Kwa miaka nilijiambia kwamba ilikuwa mazoea tu, takataka hutupwa motoni. Sasa nina miaka sabini na ushee na sina wa kumdanganya. Nilisimama nikalitazama likiungua mpaka likaisha. Kisha nikawasha gari. Ungeweza kuweka glasi ya maji juu ya injini na maji yasitikisike, na mimi, naandika haya kwa aibu, nilifurahi.

Niliahidi nafsi yangu kwamba nitasema kwenye kikao. Lakini ndani ya wiki zile mbili kazi yangu nzuri ilikuwa inamchimbia Dominiki kaburi. Wiki ya kwanza petroli ilidumu mpaka Ijumaa jioni. Wiki ya pili ilifika Jumamosi na ikabaki. Nyumbani Dominiki alishinda kwenye kibaraza cha mbele akitengeneza viatu vya watoto wa mtaa, na hao hao watoto wakishavivaa wakawa wanamwita mnyonyaji kutoka kona ya mbali. Sesilia aliendelea kunipa bakuli langu. Nilikula. Nilikuwa nikimsalimu Dominiki bila kumtazama usoni, naye akidhani namwonea haya kwa sababu ya tuhuma, akawa ananifariji mimi. "Usijali, Fundi. Kamati ina watu wenye akili."

Kikao kilifanyika kwenye bwalo, mabenchi yamepangwa, picha ukutani, feni moja inayozunguka inapojisikia. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kibwana mwenyewe. Afisa Usafirishaji hakuhitaji maneno mengi. "Ndugu Mwenyekiti, gari ni lile lile, barabara ni zile zile, Meneja ni yule yule. Kilichobadilika ni dereva. Tangu ndugu huyu aondoke, petroli inatosha mpaka inabaki. Mimi sina la kuongeza." Watu wakaguna kukubali, na kusema kweli nani asingekubali? Nikanyoosha mkono. Nikasimama na ovaroli yangu, nikasema petroli haikuibwa, injini ilikuwa inavuta hewa chini ya kabureta, dereva akalazimika kuvuta choki, na nimeitengeneza mimi. Kabla sijakaa, askari wa geti akainuka. Yeye alikuwepo siku ile ya saa ya chakula. Aliona kwa macho yake Ndugu Mwanahawa, yaani mimi, akifukiza gari la Meneja kwa ubani, peke yake, ananong'ona. Bwalo zima likalipuka. Nilipiga kelele kwamba nilikuwa natafuta tundu, kwamba moshi hufuata hewa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyocheka. Afisa akangoja wanyamaze. "Tunajua wanakaa nyumba moja," akasema. "Jirani kumsaidia jirani si vibaya. Lakini wazee walisema, la kuvunda halina ubani."

Mzee Kibwana hakucheka. Aligonga meza, akanitazama kwa macho yale ya mtu aliyetafuta hewa kwenye injini maisha yake yote, na nikaona kwamba ananiamini. Alikuwa ananipa nafasi. "Ndugu Hawa, hiyo gasketi iliyopasuka iko wapi?" Nikasema nimeitupa. "Ilikuwa ya nini?" Ya boksi. "Nani aliifunga?" Kadi za kazi za karakana ziliandikwa "karakana," hazikuandikwa jina la mtu. Katika bwalo lile waliokuwa wanajua jibu ni wawili. Nilimtazama Dominiki. Alikuwa amekaa benchi la mbele, amevaa shati lake la kanisani, mikono juu ya magoti. Aliijua Ijumaa ile, alinijua nilivyotoka mbio, na palepale aliposikia neno boksi niliona uso wake ukielewa kila kitu. Angeweza kufungua mdomo. Nadhani alikuwa anangoja niufungue wangu. Nikaiona ovaroli ikivuliwa, nikawasikia wakisema si tulisema wanawake hawafai, nikaliona neno hujuma limeandikwa juu ya jina langu. "Sijui," nikasema. "Niliikuta." Mzee Kibwana akaendelea kunitazama kidogo, kisha akainamisha kichwa kwenye karatasi zake. Dominiki akafukuzwa kazi kabla ya saa sita.

Nilijiambia kwamba nimewalinda wanawake watakaokuja nyuma yangu. Ulikuwa uongo mzuri, na nilikaa nao miaka kumi. Walikuja wengine, kweli, na mwaka uliofuata nilipewa cheti cha mfanyakazi bora, nikapigwa picha. Dominiki hakupata kazi ya udereva tena. Kila alikokwenda barua ya wizi ilimtangulia. Walirudi Masasi kwa mabasi ya Kusini, godoro limefungwa kwa kamba. Asubuhi ya kuondoka alinipa mkono kama kawaida. "Fundi," akaniambia, "utunze mikono hiyo." Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo ambalo nimeshindwa kumsamehe.

Basi nilikwenda Mbagala. Nilikuwa nimesikia zamani kwamba walirudi mjini uzeeni kuishi na yule binti, na miaka yote hiyo nilijua mtaa na sikuwahi kupanda gari kwenda kuwaona. Baada ya mazishi, watu walipotoka kwenda kula, nikaingia chumbani alikokalishwa mfiwa. Sesilia alikuwa kwenye godoro, amezeeka, mwembamba vile vile. "Wifi," akasema, akanishika mkono. "Nilitaka uje. Siku ile bwaloni wewe peke yako ulisimama." Nikamwambia aniache niseme kabla sijaishiwa nguvu, nikasema yote: boksi, foleni ya khanga, choki, chetezo, makaa, na "sijui" yangu. Sikulia, niliona sina haki hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuuachia mkono wangu, kisha akauachia.

"Kwa hiyo hakuiba," akasema.

"Hakuiba, wifi."

"Mimi nilidhani siku ile habari ya hewa ulidanganya kwa kutuonea huruma." Alikuwa anatazama ukutani, palipotundikwa picha ya Dominiki akiwa kijana, ya pasipoti iliyokuzwa. "Aliwahi kuniambia. Tulipofika Masasi, tunakula. Akaniambia, mke wangu, petroli ile ililiwa na hewa. Nikacheka, Hawa. Nilicheka mpaka akaacha chakula akatoka nje. Hakurudia tena kulisema mpaka amekufa."

Nje watu walikuwa wanagonga sahani, mtu anauliza kama nyama imebaki. Sesilia akajifunika khanga mpaka kwenye paji la uso, kisha akaifunua tena.

"Nilimsamehe," akasema. "Nilimpeleka mbele ya padri, nikamwambia, Domi, ile petroli nimekusamehe kwa moyo wote, na sitaitaja tena. Miaka yote hii nikijiona mke mwema. Na yeye akaniitikia, asante mke wangu." Akanigeukia. "Sasa niambie wewe, alikuwa ananishukuru nini?"